Kampuni ya Kigeni na Kodi ya Faida: Historia ya Istilahi Chache kwa Mifano ya Mkoa wa Mara

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya maneno machache ambayo mfasiri, mwalimu na mtumishi wa Serikali hawawezi kuyaepuka kila inapotajwa kampuni iliyotoka nje ya nchi kuja kufanya biashara humu nchini. Maneno hayo ni kampuni, kodi, kuandikisha, kusajili, tawi, tanzu, mkazi, faida, mapato, gawio na mrabaha. Yote hutumika kila siku magazetini na maofisini, na kwa kuwa hutumika kila siku, wengi wetu hudhani kwamba maana zake zimekwisha kutulia. Nitajaribu kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba palipo na istilahi isiyotulia pana fedha ya umma inayoweza kupotea.

Mifano mingi nimeichukua katika Mkoa wa Mara, ulioanzishwa mwaka 1963, makao yake makuu yakiwa Musoma. Ninazo sababu mbili. Kwanza, ardhi ya mkoa huu ina dhahabu, na dhahabu imevuta kampuni za kigeni tangu enzi ya ukoloni: Buhemba na Kiabakari, ambazo leo zimo katika Wilaya ya Butiama, na baadaye Nyamongo katika Wilaya ya Tarime. Pili, kampuni iliyomiliki mgodi wa Nyamongo pamoja na migodi mingine nchini ndiyo iliyokuwa mhusika katika shauri la kodi lililoilazimisha Mahakama ya Rufani ya Tanzania kueleza maana ya kampuni ya kigeni kuwa “mkazi”. Shauri hilo lilihusu sheria, lakini kwa sisi tunaoshughulika na istilahi lilikuwa pia somo la lugha.

2. Kampuni iliyotoza kodi

Ni vema tuanze mbali kidogo, kwa maana neno kampuni halikuingia katika historia yetu kama jina la mlipakodi. Liliingia kama jina la mtozaji. Mwezi Februari 1885 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipewa hati ya ulinzi na Mfalme wa Ujerumani. Miaka mitatu baadaye, Aprili 1888, Sultani Khalifa bin Said wa Unguja aliingia nayo mkataba wa kuipangisha utawala wa mwambao pamoja na haki ya kukusanya ushuru wa forodha. Kampuni ilipojaribu kuitekeleza haki hiyo mwezi Agosti mwaka huo huo, watu wa pwani waliinuka, wakiongozwa na Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri huko Saadani. Kampuni ilishindwa, Serikali ya Ujerumani ikaleta majeshi, na kuanzia mwaka 1891 ikautwaa utawala moja kwa moja.

Msomaji atambue jambo moja hapa. Katika tukio hilo hapakuwa na swali la mahali kampuni ilipoandikishwa wala la kodi iliyopaswa kulipa. Kampuni yenyewe ilikuwa dola. Mawazo ya leo, kwamba kampuni ya kigeni ni mgeni mwenye wajibu mbele ya Serikali ya nchi aliyoifikia, ni mageuzi makubwa kuliko tunavyodhani, na lugha ililazimika kuyafuata mageuzi hayo hatua kwa hatua.

Neno lenyewe, kampuni, ni la mkopo kutoka Kiingereza. Kiswahili kilikuwa na neno jingine ambalo lingeweza kuifanya kazi hiyo, nalo ni shirika. Katika Kiarabu neno la asili hiyo ndilo linalotumika hadi leo kwa kampuni ya biashara. Kwetu, hata hivyo, mzizi huo ulichukua njia nyingine: ushirika likawa chama cha wakulima, na baada ya mwaka 1967 shirika likawa hasa chombo cha umma. Kampuni likabaki kwa mali ya watu binafsi. Hivyo tofauti ya kisiasa kati ya mali ya umma na mali ya binafsi imehifadhiwa katika maneno mawili ambayo kwa asili yangeweza kuwa na maana moja.

3. Kutoka kodi ya nyumba hadi kodi ya mapato

Neno kodi lilikuwa na maana ya malipo ya kupanga nyumba au chombo kabla halijawa neno la Serikali. Wajerumani walipotangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, ikaanza kutozwa mwaka uliofuata, nyumba ya kawaida ya mwananchi ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Wengi waliielewa kodi hiyo kwa maana ya zamani: kana kwamba mtu ameanza kupanga katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Waingereza nao mwaka 1922 walitunga sheria ya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Mpaka hapo mtozwaji alikuwa mtu au kibanda chake. Hakuna aliyeuliza kama mtu huyo alipata faida.

Kodi ya mapato ilianzishwa Tanganyika mwaka 1940, wakati wa vita, ikiwalenga hasa watu wenye kipato kikubwa na makampuni. Baadaye ilisimamiwa kwa pamoja katika Afrika ya Mashariki. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 1973, na sheria nyingine ikachukua nafasi yake mwaka 2004. Mamlaka ya Mapato Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1996. Upande wa mwananchi wa kawaida, kodi ya maendeleo, iliyokuwa ikimfuata mkulima wa Bunda au mvuvi wa Musoma hadi mlangoni pake, ilifutwa mwaka 2003.

Kwa hiyo katika muda wa karne moja uzito wa neno kodi ulihama kutoka katika kichwa cha mtu kwenda katika hesabu za biashara. Lakini picha ya zamani haijatoka katika fikra za wasemaji. Hata sasa mtu husema “tunalipa kodi” akiwa na maana ya kila shilingi iliyotoka mfukoni mwake kwenda serikalini, pamoja na ushuru wa mazao. Ushuru nalo, kwa asili yake ya Kiarabu, lilikuwa na maana ya sehemu ya kumi. Leo mnunuzi wa pamba Bunda hulipa ushuru kwa halmashauri kwa kiwango ambacho hakina uhusiano na kumi, na hulipa hata kama mwaka wake wa biashara ni wa hasara. Kodi ya faida ni jambo tofauti kabisa: pasipo faida haitozwi. Mwalimu wa biashara asipoieleza tofauti hiyo, mwanafunzi hataelewa kwa nini mgodi unaweza kulipa fedha nyingi serikalini na papo hapo ikasemwa kwamba haujalipa kodi ya faida hata senti.

4. Butiama, Musoma na neno bepari

Haiwezekani kuandika juu ya lugha ya biashara katika Tanzania bila ya kufika Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere mwaka 1922. Mwalimu alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare, ya kwanza ikatolewa mwaka 1963, na ya pili, Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Katika jina la tamthilia ya asili anatajwa mfanyabiashara, tena mmoja. Mfasiri hakuandika wafanyabiashara. Aliandika mabepari.

Bepari ni neno lililotoka Bara Hindi, na kwa asili yake lina maana ya mfanyabiashara tu. Lilikuja na wafanyabiashara wenyewe, na kwa muda mrefu halikuwa tusi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilibeba mzigo mpya: mwenye mali anayekula jasho la wenzake. Mfasiri alilichagua neno wakati ambapo maana mbili zilikuwa zikiishi pamoja, na akaliacha litoe sauti zote mbili. Huo ni uhuru wa fasihi. Mtumishi wa kodi hana uhuru huo. Fomu haiwezi kumwita mlipakodi bepari, hata kama ndivyo anavyofikiriwa kijijini, kwa sababu istilahi ya sheria haina budi kumtaja mtu bila ya kumhukumu kabla hajasikilizwa.

Musoma pia ina nafasi yake. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilihusu elimu, lakini ni moja katika nyaraka zilizoimarisha desturi ya kupanga mambo mazito ya Taifa kwa Kiswahili. Kabla yake, mwaka 1967, Serikali ilikwisha kuagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria mwaka huo huo. Mwaka 1968 A. B. Weston na Sheikh Mohamed Ali walitoa orodha yao ya istilahi za sheria. Hata hivyo sheria zenyewe ziliendelea kutungwa kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 tu ndipo Kiswahili kilipofanywa kwa sheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Matokeo yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka hamsini istilahi za kodi zilikuzwa na magazeti, redio na makarani, wala si na watunga sheria. Zilizoea kueleweka kwa jumla. Hazikuzoea kupimwa mahakamani.

5. Kuandikisha na kusajili

Kampuni ya kigeni inayoanzisha mahali pa biashara nchini ina mlango wa kwanza wa kupita, nao ni daftari la makampuni, ambalo hivi sasa lipo chini ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inaitaka kampuni hiyo ipeleke nyaraka zake katika muda wa siku 30. Nyaraka hizo ni pamoja na katiba ya kampuni, majina ya wakurugenzi, na jina la mtu aliye nchini atakayepokea barua na hati za mashtaka kwa niaba yake. Ikitimiza hayo haizaliwi upya. Imekwisha kuzaliwa kwao. Inachopewa ni hati ya kuthibitisha kwamba imetimiza masharti.

Mlango wa pili ni daftari la walipakodi, lililo chini ya Mamlaka ya Mapato, ambako kampuni hupewa Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi. Mlango wa tatu ni leseni ya kazi yenyewe, kama vile leseni ya uchimbaji madini. Milango ni mitatu, lakini katika usemi wa kila siku tuna kitenzi kimoja tu: kampuni “imesajiliwa”.

Udhaifu huo ulionekana mwezi Juni 2017, wakati kamati ya pili ya Rais iliyochunguza usafirishaji wa makinikia ilipotoa taarifa kwamba Acacia Mining haikusajiliwa Tanzania, ingawa kampuni zilizoendesha migodi ziliandikishwa. (Neno makinikia lenyewe, ambalo mwaka 2016 wananchi wachache walilijua, mwaka 2017 lilijulikana hata sokoni, jambo linaloonyesha jinsi istilahi inavyoenea haraka pale watu wanapohisi kwamba mali yao imo ndani yake.) Mjadala uliofuata ulikuwa mkali. Kila upande ulisema juu ya usajili, na msikilizaji wa redio Musoma au Tarime hakuwa na njia ya kujua ni daftari lipi lililokusudiwa.

Kiswahili kina uwezo wa kuitenga milango hiyo. Kuandikisha, kutokana na andika, ni kumfanya mwingine aandike: mwenye jambo ndiye anayekwenda kwa karani. Kusajili, lenye asili ya Kiarabu, ni kazi ya mwenye daftari mwenyewe. Kampuni hujiandikisha, na Msajili huisajili. Tofauti hii si ya mapambo, kwa sababu Kamishna wa kodi anaweza kumwingiza katika daftari mtu ambaye hakujiandikisha kwa hiari. Mtu huyo amesajiliwa, lakini hakujiandikisha.

6. Tawi na tanzu

Mti ni mmoja, na tawi na tanzu zote ni sehemu za mti. Katika lugha ya kawaida yanakaribia kuwa visawe. Katika lugha ya kodi yametengana kabisa. Tawi la kampuni ya kigeni ni kampuni ile ile iliyonyoosha mkono wake hadi hapa. Deni la tawi ni deni la kampuni. Kampuni tanzu ni mtu mwingine mbele ya sheria, aliyezaliwa hapa, ingawa hisa zake zinamilikiwa na kampuni mama iliyo nje.

Buhemba inatupa mfano mmoja. Kampuni ya Meremeta, iliyochimba dhahabu huko, iliundwa nje ya nchi mwaka 1997, na humu nchini ikaingizwa katika daftari kama tawi la kampuni ya kigeni, ingawa nusu ya hisa zake zilikuwa za Serikali ya Tanzania. Mwananchi wa Butiama aliyejua kwamba Serikali imo ndani yake angewezaje kuiita ya kigeni? Jibu ni kwamba sifa ya kigeni, katika istilahi hii, haitazami mwenye mali wala rangi ya anayesimamia mgodi. Inatazama mahali kampuni ilipoundwa. Kwa sababu hiyo nadhani ni heri kusema “kampuni iliyoundwa nje” pale ambapo hati ya kisheria inatafsiriwa, na kuliacha “kampuni ya kigeni” kwa matumizi ya jumla.

Nyamongo inatupa mfano wa pili. Mgodi wa North Mara uliendeshwa na kampuni iliyoandikishwa Tanzania. Juu yake, kuanzia mwaka 2010, ilikuwapo kampuni mama, African Barrick Gold, iliyoundwa Uingereza na kuuza hisa zake katika soko la London, na mwaka 2011 pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mwaka 2014 ilibadili jina ikawa Acacia. Hapa tanzu ilikuwa ya kwetu na mama alikuwa wa nje.

7. Mkazi

Mamlaka ya Mapato ilidai kwamba mama huyo naye ni mlipakodi wa Tanzania. Kampuni ilikuwa imewagawia wenye hisa wake fedha kati ya mwaka 2010 na 2013, na Kamishna alisema kwamba ilipaswa kuzuia sehemu ya fedha hizo kama kodi na kuiwasilisha Hazina. Kiasi kilichodaiwa kilizidi dola za Marekani milioni 40. Kampuni ilipinga. Shauri lilianzia katika Bodi ya Rufani za Kodi, likapanda hadi Baraza la Rufani za Kodi, na hatimaye Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2020 iliitupa rufani ya kampuni.

Kiini cha mabishano kilikuwa neno moja: mkazi. Sheria ya mwaka 2004 inasema kwamba kampuni ni mkazi ikiwa imeundwa kwa sheria za Tanzania, au ikiwa, wakati wowote katika mwaka wa mapato, uongozi na usimamizi wa shughuli zake unafanyika Tanzania. Sehemu ya pili ndiyo yenye uzito. Kampuni inaweza kuzaliwa London na kukaa Tanzania.

Mfasiri afanye nini hapa? Akiandika raia, amekosea, kwa sababu uraia hauhusiki. Akiandika mwenyeji, ameitupa sehemu ya pili ya kanuni yote, maana mwenyeji ni mwenye mji wake, kinyume cha mgeni, na kampuni iliyoundwa Uingereza haiwezi kuwa mwenyeji hata ikikaa miaka mia. Mkazi ndilo neno lenye haki, kwa sababu limetokana na kukaa, na mtu hukaa hata pasipo kwao. Mgeni anaweza kuwa mkazi; hawezi kuwa mwenyeji. Wahenga walilijua jambo hili waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe halimgeuzi mgeni kuwa mwenyeji. Linamtambua tu kwamba anakaa, na anayekaa hula, na anayekula hulima.

8. Faida, mapato, gawio na mrabaha

Limebaki kundi la maneno ya fedha yenyewe. Mapato ni yote yaliyopatikana. Faida ni kilichobaki baada ya kutoa gharama. Sheria yetu huitwa ya kodi ya mapato, lakini kwa kampuni kinachotozwa ni faida, na kiwango cha kawaida ni asilimia 30. Na kwa kuwa Mamlaka ya Mapato nayo imechukua neno hilo hilo kwa maana ya fedha zinazoingia serikalini, neno mapato linabeba mizigo miwili: pato la mlipakodi na pato la Serikali. Katika sentensi moja ya kitaalamu hayo mawili yanaweza kugongana. Napendekeza tuseme “mapato ya Serikali” kila panapokuwa na shaka.

Gawio, sehemu ya faida anayopewa mwenye hisa, ni istilahi iliyofaulu. Zamani wengi walisema mgawo, lakini mgawo lilikwisha kuzoeleka kwa chakula cha kupimwa na kwa umeme unaokatwa kwa zamu. Lugha ilitumia kiambishi kingine na tatizo likaisha. Kodi ya zuio, yaani ile anayoikata mlipaji kabla fedha haijamfikia mpokeaji, nayo imekubalika, ingawa wanasheria hawana budi kukumbuka kwamba zuio ni pia amri ya mahakama.

Mrabaha lina historia ya kushangaza. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya faida, lakini mrabaha wa madini hautazami faida hata kidogo. Hutozwa kwa thamani ya madini yaliyochimbwa. Kwa dhahabu kiwango kilikuwa asilimia 3 chini ya sheria ya mwaka 1998, kikawa 4 mwaka 2010, na 6 mwaka 2017. Mgodi unaotangaza hasara haulipi kodi ya faida, lakini mrabaha unalipa. Ndiyo kusema neno lenye faida ndani ya mzizi wake ndilo linalotozwa pasipo faida. Asili ya neno ni ushahidi wa safari yake, si hukumu juu ya maana yake ya leo.

9. Hitimisho

Mwaka 2019 Barrick ilinunua hisa zote za Acacia ilizokuwa haizimiliki, na kampuni mpya, Twiga Minerals, ikaundwa nchini, Serikali ikiwa na asilimia 16. Mgogoro wa Nyamongo ulichukua sura nyingine. Maneno, hata hivyo, yamebaki mikononi mwetu, na sasa sheria zinapoandikwa kwa Kiswahili hatuwezi tena kujificha nyuma ya lugha ya asili.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kujiandikisha litumike kwa tendo la mwenye kampuni na kusajili kwa tendo la mwenye daftari, na kila mara daftari litajwe: la makampuni, la walipakodi au la leseni. Pili, tawi na kampuni tanzu yasibadilishane nafasi katika hati yoyote ya Serikali. Tatu, mkazi lishike nafasi yake peke yake katika sheria za kodi, na mwenyeji liachwe kwa mambo ya utamaduni na ya ukarimu.

Mwaka 1888 kampuni ya kigeni ilikuja kukusanya ushuru kwa ajili yake yenyewe. Leo sheria ya zuio inaitaka kampuni ya kigeni ikusanye kodi kwa ajili ya Hazina yetu. Kati ya hali hizo mbili pamepita mapambano, uhuru na mahakama. Karani aliyeketi Musoma na fomu mbele yake ndiye anayeyatimiza hayo yote kwa vitendo, naye hana silaha nyingine isipokuwa neno lenye mpaka unaojulikana.